Mbona Hukuuliza?

Gari lenyewe lilikuwa Spacio, ile ya umbo la pili, rangi ya fedha, namba C. Kwa msomaji asiyeishi Tanzania nieleze kidogo. Hapa kwetu watu hawaanzi kuuliza gari lilitengenezwa mwaka gani, wanauliza namba yake. Namba A ni babu, B ni mjomba, C bado inaheshimika, D ni kijana. Herufi hiyo haikuambii umri wa gari, inakuambia tu lilisajiliwa lini nchini. Spacio za umbo hilo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 2001 na zikakoma 2007, kwa hiyo hata ukiiona yenye namba D ujue ilikwishazeeka kabla haijaiona bandari ya Dar es Salaam. Lakini herufi ndiyo inayopanga bei, na dalali atakuambia "ni namba C ya mwishomwishoni hii" kwa sauti ya mtu anayekutajia ukoo wa bibi harusi.

Nafundisha Bungu. Nina watoto watatu, na wa pili ana pumu. Mtu aliyewahi kumbeba mtoto anayekoroma kifua kwenye bodaboda saa nane za usiku, mvua inanyesha, kuelekea Kibiti, hahitaji kuelezwa kwa nini mwalimu mwenye mkopo wa benki alikuwa anatafuta gari. Na hahitaji kuelezwa kwa nini alitaka Spacio. Ina nafasi, ina viti vya mstari wa tatu, na injini yake ya 1NZ ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Probox, Raum na baadhi ya IST, kwa hiyo spea zake zinapatikana hata kwa muuza vocha, nikitia chumvi kidogo. Haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, ina cheni. Ile ya 1800, yenye 1ZZ, hasa za miaka ya mwanzo, ina sifa mbaya ya kula oili. Swali langu la kwanza kwa simu lilikuwa hilo: 1NZ au 1ZZ? Akajibu 1NZ, na ilikuwa kweli. Kila nilichomuuliza yule mzee alinijibu ukweli. Naomba mlikumbuke hilo.

Bei ilikuwa milioni saba na nusu.

Fundi wangu, tuliyetoka naye Kibiti, alitaka tufike alfajiri kabla mwenyewe hajaliwasha. Akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. Baridi. Akaridhika, maana muuzaji anayekupokea na injini ya moto huenda anakuficha jinsi inavyoamka asubuhi. Akachomoa kijiti cha oili, akaifuta, akaitazama kwenye mwanga. Akanusa oili ya gia boksi. Ya otomatiki ikinuka kuungua, aliniambia, ondoka bila kuaga. Akafungua rejeta kuangalia kama kuna mafuta yanaelea. Kisha akaniambia niwashe, yeye akasimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili, mweupe usiokoma ni maji yanaingia kwenye silinda. Hakukuwa na moshi wowote. Tukakata usukani mpaka mwisho na kuzunguka duara uwanjani, kushoto, kulia, tukisikiliza kama jointi zinagonga. Kimya. Tairi alizisoma ubavuni, zile tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Shokapu za nyuma zilikuwa zimechoka na bushi zimekwisha, lakini gari gani lililowahi kuipita barabara ya vumbi ya Nyamisati lina bushi nzima? Kilomita kwenye dashibodi hakuzitazama kabisa. "Hizo zinarudishwa nyuma, mwalimu," alisema. "Tazama pedali." Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja, kama kisigino cha kandambili.

Gari lilikuwa zima. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mkorosho, anakunywa chai, ametuachia funguo na uhuru wote. Mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu pesa.

Ndipo fundi akaingia kiti cha nyuma, akaushika mkanda, akaanza kuuvuta. Mkanda wa nyuma hauvutwi na mtu. Abiria wetu wa nyuma hawafungi mikanda, kwa hiyo utepe mwingi uliojiviringa mle ndani ya nguzo haujaona jua tangu Japani. Aliuvuta taratibu, mkono juu ya mkono, kama mvuvi anayepandisha mshipi. Nusu ya kwanza ilikuwa safi, imeoshwa. Nusu ya pili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwenye nyuzi zake kulikuwa na vumbi laini ambalo alilisugua kwa kidole gumba akanionyesha. Lilikuwa tope la mfinyanzi, lile laini kama unga linaloachwa na mto ukirudi. Tope la barabarani haliwi hivyo.

Akainamisha kichwa chini ya siti. Reli za kiti zilikuwa na kutu. Akainua pembe ya kapeti, na mle lilimopita fungu la nyaya mlikuwa na tope lilelile, limekauka na kupasuka. Fundi hakusema kitu. Aliuachia mkanda ukarudi wenyewe, nusu njia, ukakwama.

Nilipogeuka mzee alikuwa amesimama nyuma yetu. "Umeona," alisema. Hakuwa anauliza.

Alikuwa ametoka Muhoro, ng'ambo ya daraja la Mkapa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalimkuta huko. Wengine walilaumu mvua, wengine bwawa, na mjadala huo si wa leo. Maji yaliingia nyumbani kwake usiku. Nyumba ya udongo haikuhimili, mpunga ulikwenda, mbuzi walikwenda, na gari lilisimama ndani ya maji siku mbili, maji yakiwa usawa wa viti. Alilikausha, akabadilisha oili zote, akaosha siti, na lilipowaka alilia, ndivyo alivyoniambia. Sasa anaishi kwa dada yake hapa Bungu, na chuma hicho ndicho kilichobaki cha maisha ya miaka hamsini na kitu.

"Lakini mimi sikukudanganya, mwalimu," alisema. "Gari inatembea, na kila ulichouliza nimekujibu. Hili hukuniuliza." Kisha, kwa sauti ya chini kuliko umri wake, "Kwa heshima yako, usiniharibie."

Nikamwambia nitafikiria. Sote watatu tulijua maana yake.

Njiani fundi alinieleza kwa nini alikuwa hawezi kunishauri nilichukue. Gari lililolala majini halifi siku hiyo. Injini unaweza kuiokoa ukiwahi kumwaga oili. Nyaya huziokoi. Maji yanabaki kwenye soketi, zinaota kutu ya kijani, na baada ya miezi sita au mwaka taa moja inawaka kwenye dashibodi, kesho mbili, keshokutwa gari linazimika mahali pasipo na nyumba. Kompyuta ya airbag inakaa chini kabisa katikati, ndiyo ya kwanza kunywa maji. "Inaweza isilete shida kabisa," alisema, maana ni mtu wa haki. "Lakini hiyo ni bahati. Huwezi kununua bahati kwa milioni saba na nusu."

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili tangu siku ile, na nimegundua kwamba ni swali la zamani kuliko magari. Cicero, yule Mroma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake kuhusu wajibu. Anatoa mifano miwili. Mfanyabiashara analeta nafaka Rhodes wakati wa njaa, na anajua meli nyingine za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi? Na mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Je, azitaje? Anawagombanisha wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babiloni na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema kutosema si sawa na kuficha. Muuzaji ataje kile sheria inachomtaka ataje, asidanganye, na kwa mengine auze kwa bei anayoipata. Antipater anasema hapana, wote ni watu wa jamii moja, na kukaa kimya ili mwenzako asijue kinachomhusu ni kumdhulumu. Cicero anaelekea kwa Antipater. Anasema unaficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwingine asijue unachokijua.

Mimi mifano hiyo miwili naona haifanani, na huwa nashangaa inavyowekwa kapu moja. Yule wa Rhodes anajua habari za soko. Nafaka yake ni nzima. Atakayeinunua atakula ugali mzuri, ghali tu. Sisi huku tunawajua watu wa namna hiyo, ni wale wa kangomba wanaonunua korosho mapema kwa bei ya kutupa kwa sababu wanajua msimu utafungukaje na mkulima ana ada ya shule. Siwapendi, lakini korosho ni korosho. Mwenye nyumba mbovu ni jambo jingine, kwake ubaya umo ndani ya kitu chenyewe, na mnunuzi anaubeba mpaka chumbani kwake.

Sheria yetu, nilipoiangalia, iko upande wa mzee kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Masharti ya ubora inamwekea zaidi yule ambaye kuuza bidhaa hizo ndiyo kazi yake. Mtu na jirani yake wakiuziana, mnunuzi ana macho. Na hata kwa mfanyabiashara, ukishalikagua gari, huwezi kuja kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha. Uongo ni kosa, kimya ni biashara. Diogenes angetia sahihi.

Lakini Bungu hatuishi kwa Sura ya 214 peke yake. Karibu kila mtu hapa, na mzee mwenyewe, amesikia msikitini ile hadithi ya Mtume kupita sokoni na kuingiza mkono katika rundo la nafaka. Vidole vikatoka na unyevu. Mwenye rundo akajieleza kwamba ni mvua ndiyo iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu waione. Nimeisikia tangu utotoni, na siku zote niliichukua kama hadithi ya mtu mdanganyifu. Safari hii niliisikia tofauti. Mtu yule naye alipigwa na maji. Hakuna aliyemlaumu kwa mvua. Alilaumiwa kwa jinsi alivyolipanga rundo.

Na kuna neno moja linanisumbua. Katika fikihi, kasoro iliyofichika kwenye bidhaa inaitwa aibu, na mnunuzi akiigundua ana hiari ya kuirudisha. Sisi Waswahili tumelichukua neno hilohilo tukalivika mtu zaidi kuliko kitu. Mzee alipoona fundi ameushika mkanda, alichoinamisha ni uso. Aibu ya gari ilikuwa imeshahamia kwake, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nishindwe kusema neno la maana pale chini ya mkorosho.

Tuangalie basi hesabu, maana huruma bila hesabu ni hatari. Spacio hiyo ikiwa haikuzama ni milioni saba na nusu. Ikiwa imezama na kila mtu anajua, fundi alikadiria milioni nne, kwa mtu wa gereji anayejua anachofanya. Tofauti ni milioni tatu na nusu. Hizo hazitoki mtoni, wala hazitoki serikalini. Mto umeshachukua, haulipi. Zitatoka kwa nyumba nyingine, na nani hununua Spacio namba C? Mwalimu, muuguzi, mwenye duka la dawa baridi, mama anayesambaza vitenge. Hasara iliyofichwa haipotei, inatafuta mwenye wa kuibeba, na kwa kawaida inampata yule asiye na fundi mzuri.

Na wengine pia wanaumia. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, iliyokataliwa na majarida kadhaa kabla haijachapishwa, na mwaka 2001 akashiriki Tuzo ya Nobel. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, atatoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri ataona anapunjwa atajitoa, na soko litabaki na mabovu. Ndiyo maana naona methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza haijawahi kufika yadi ya magari. Tangu mafuriko, ukitaja tu kwamba gari limetoka ng'ambo ya daraja, mnunuzi anapunguza milioni mbili kabla hajaliona. Hata yule aliyelipandisha lake mlimani siku mbili kabla ya maji analipia kimya cha wenzake.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, nimeyapanga vizuri, wiki mbili baadaye, alipokuja shuleni mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja. Ni mama anayejitafutia peke yake, ana kibanda cha chakula barabara ya Kilwa pale mabasi yanaposimama. Tulizungumza maendeleo ya mtoto, kisha akasema, "Mwalimu, nasikia uliikagua ile Spacio ya mzee. Hivi ikoje?"

Ameuliza. Mnaona? Ule utetezi wa mzee, kwamba hukuniuliza, mimi sikuwa nao.

Nikamjibu, "Injini ni nzima. Ila usinunue bila fundi. Mpeleke fundi mzuri."

Nimeichambua sentensi hiyo kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Hakuna uongo ndani yake. Ina hata ushauri. Nilijiambia siyo vizuri kumsema mtu asiyekuwepo, na kusengenya ni kula nyama ya ndugu yako. Lakini nilijua vilevile kwamba wanazuoni wameliondoa hili katika kusengenya. Imamu Nawawi, karne ya kumi na tatu, alitaja hali sita ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na kumtahadharisha mwenzako na madhara imo, hasa akikutaka shauri. Nilijua. Na ningeweza kulisema gari bila kumsema mzee: maji yalifika kwenye viti. Maneno manne. Nisingeongeza hata jina.

Kilichonizuia ni sura ya mzee chini ya mkorosho, na kwamba ningekutana naye Ijumaa. Yeye nimemwona akiinama. Huyu mama nilikuwa sijamwona akiumia bado. Naona hapo ndipo tunapokosea mara nyingi: tunamhurumia yule ambaye msiba wake tumeshauona, na anayelipa ni yule ambaye wa kwake haujafika.

Alinunua. Milioni saba kamili, baada ya kuomba sana. Alikwenda na fundi wa pikipiki, jirani yake, aliyeliwasha, akasikiliza, akasema hii chuma. Mzee alijenga chumba kimoja cha tofali nyuma ya nyumba ya dada yake, na tunasalimiana vizuri. Ananipa shikamoo kwa utani, kwa vile mimi ni mwalimu, nami namrudishia yake ya kweli.

Gari lilitembea miezi tisa bila tatizo. Nilikuwa naliona likipita na masufuria nyuma, na watoto wamejaa, nikawa nafarijika, hadi siku moja nikajikamata nikifarijika. Lingetembea miaka kumi, jibu langu la siku ile lingebaki vilevile. Niliyempa mama yule ni bahati asiyoijua, na bahati hiyo wala haikuwa yangu kuitoa.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Taa ya airbag imewaka, na jana gari lilizimika Jaribu, likakaa saa nzima. Akaomba namba ya fundi wangu. Nikamwambia siyo namba tu, nakuja tuongozane.

Fundi alilitambua gari kabla halijasimama. Alinitazama, akatazama pembeni. Hakugusa boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akaushika mkanda, akaanza kuuvuta, mkono juu ya mkono, hadi ikatoka ile nusu yenye rangi ya chai ya maziwa. Yule mama aliuangalia. Akaupitisha kidoleni, akaangalia kidole. Kisha akaniangalia mimi.

"Ulijua, mwalimu?"

Nikamwambia nilijua.

Hakusema kitu. Aliuchukua mkanda mikononi mwa fundi, akaanza kuurudisha mwenyewe, kidogo kidogo, akiusukuma pale ulipokwama, mpaka ukaingia wote.